Nani Aliua Treni za Usiku za Ulaya?

Wiki iliyopita binamu yangu anayesoma Berlin alinitumia picha mbili za skrini ya simu yake. Ya kwanza ilikuwa bei ya ndege, Berlin hadi Paris. Ya pili ilikuwa bei ya treni, njia ileile, siku ileile. Treni ilikuwa karibu mara tatu ya ndege. Chini yake akaandika: "Na ndio mnatuambia tuokoe dunia. Na doh gani?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikakaa na hiyo swali usiku mzima, kwa sababu ukiifikiria vizuri, haiingii akilini. Ndege inabebwa na mafuta, inapandishwa kilomita kama kumi angani, inahitaji rubani wawili, uwanja mzima na watu wa kukupapasa mfuko kabla hujapanda. Treni inateleza chini kwa umeme na watu mia kadhaa ndani. Hewa ya ukaa inayotoa kwa kila abiria ni sehemu ndogo tu ya ile ya ndege. Sasa inakuwaje hiyo ya pili ndiyo ghali?

Jibu ambalo wasee wengi hutoa ni kwamba soko liliamua. Ati watu walipenda ndege, treni zikazeeka, zikafa zenyewe. Mimi nimesoma hii historia na nakwambia, hapana. Hiyo bei kwenye simu ya binamu yangu ina tarehe. Zingine zake ni za kabla mama yake azaliwe.

Wacha tuanze na jamaa mmoja Mbelgiji anaitwa Georges Nagelmackers. Familia yake ilikuwa na benki kule Liège. Stori inayosimuliwa ni kwamba alipenda binamu yake, mapenzi yakakataa, na mwaka 1867 familia ikamtuma Marekani akasahau. Kule akaona mabehewa ya kulala ya George Pullman, na akarudi Ulaya na wazo moja kichwani. Miaka ya 1870 akaanzisha kampuni ya mabehewa ya kulala, na tarehe 4 Oktoba 1883 treni yake maarufu, Orient Express, ikaondoka Paris kuelekea Constantinople, mji tunaouita Istanbul leo.

Watu hukumbuka mazulia na vijiko vya fedha. Mimi kilichonishika ni kitu kingine kabisa. Nagelmackers hakuwa na reli hata mita moja. Pia hakuwa na vichwa vya treni. Alikuwa na mabehewa na mikataba. Yaani alienda kwa kila kampuni ya reli njiani, nchi baada ya nchi, akakubaliana nao: ninyi leteni kichwa chenu, mvute behewa langu mpaka mpakani, pale jirani yenu atafunga kichwa chake na aendelee. Abiria amelala tu. Usiku anasikia mtikisiko kidogo, asubuhi yuko nchi nyingine. Safari hiyo ya kwanza hata haikuwa ya reli mwanzo hadi mwisho. Walishuka Giurgiu kule Romania, wakavuka mto Danube, wakachukua treni nyingine hadi Varna, halafu meli. Njia ya moja kwa moja ilikamilika 1889.

Kwa hiyo mwaka wa 1889, bila simu ya mkononi, bila Umoja wa Ulaya, wakati hizi nchi zilikuwa zinachukiana waziwazi, ungeweza kupanda behewa moja Paris na ushukie Istanbul. Na tangu 1873 kulikuwa na kitabu cha ratiba cha kampuni ya Thomas Cook, kitabu kimoja tu, kilichokuonyesha treni za bara zima. Leo binamu yangu ana programu nne kwenye simu na bado hajui kama tiketi yake ya pili itakubalika akichelewa kwenye ya kwanza.

Vita viwili vikaivuruga hiyo dunia. (Kando kidogo: mkataba wa kusimamisha Vita vya Kwanza, Novemba 1918, ulitiwa saini ndani ya behewa la kampuni ya huyu Nagelmackers, msituni karibu na Compiègne. Mwaka 1940 Hitler akaagiza behewa hilohilo litolewe, lirudishwe palepale, ili Wafaransa wasalimu amri ndani yake. Behewa la mgahawa hilo, wasee. La kula chakula.) Kabla ya 1914, sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi ulikuwa unaivuka bila mtu kukuuliza pasipoti. Baada ya vita, kila mpaka ukawa na askari, mhuri na foleni.

Halafu ikaja 1957. Mwaka huo nchi sita zilitia saini Mkataba wa Roma, ule uliozaa kile tunachokiita sasa Umoja wa Ulaya. Mwaka huohuo, mkuu wa reli za Uholanzi, F. Q. den Hollander, akafanikisha ndoto yake: treni zilizoitwa Trans Europ Express. Zilikuwa za daraja la kwanza pekee, za mabosi wanaotaka kufika mkutanoni na kurudi. Tayari ndege zilikuwa zinawanyemelea hao mabosi, na hii ilikuwa njia ya kuwazuia wasitoroke.

Sasa cheki shida waliyoipata. Treni nyingi za mwanzo za huo mradi zilitumia dizeli, japo reli nyingi tayari zilikuwa na umeme. Kwa nini? Kwa sababu umeme wa nchi moja haukuwa umeme wa jirani. Ujerumani, Uswisi na Austria walikuwa na volti 15,000. Ubelgiji na Italia 3,000, za aina tofauti. Uholanzi 1,500. Ufaransa ilikuwa na aina mbili ndani ya nchi moja. Kila mmoja alijenga vyake akifikiria nyumbani kwake, na wengine hawakuona vibaya kama treni ya jirani haingeweza kuingia. Ilibidi wasubiri mpaka 1961 ndipo Uswisi ikatoa treni iliyoelewa aina nne za umeme.

Hispania ndiyo ilikuwa kali zaidi. Reli yao ya kale ina upana wa milimita 1,668, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ni 1,435. Ukifika mpaka wa Ufaransa, unashuka na mizigo yako na kubadilisha treni, mpaka 1969 walipoleta treni ya Talgo ambayo magurudumu yake hujisogeza yenyewe ikipita polepole kwenye mtambo. Mkenya yeyote anaelewa hii bila maelezo. Sisi wenyewe tuna reli ya Mwingereza ya mita moja, na tangu 2017 tuna SGR ya 1,435, na mzigo wa SGR ukitoka Mombasa kwenda Uganda kwa reli lazima uhamishwe Naivasha kutoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo tusiwacheke sana.

Ndege haikuwa na hiyo shida. Anga haina upana wa reli. Lakini pia ndege ilipewa zawadi, na hapa ndipo nataka utulie.

Desemba 1944, vita bado vinaendelea, wajumbe wa nchi zaidi ya hamsini walikutana Chicago kupanga sheria za ndege za abiria baada ya vita. Mkataba waliotia saini una kifungu cha 24. Kinasema mafuta yaliyo ndani ya tangi la ndege inapotua nchi nyingine hayatatozwa ushuru. Sawa tu, ukifikiria. Biashara ilikuwa changa, na hakuna aliyetaka ndege itozwe mara mbili kwa mafuta yaleyale. Lakini baadaye nchi zilitia saini mikataba baina yao, mbili mbili, mamia kwa mamia, na nyingi zikaongeza kwamba hata mafuta unayojaza hapo uwanjani hayatozwi. Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ukaandika kwenye sheria yake kwamba mafuta ya ndege za biashara yasitozwe kodi, na mlango wa kutoka ukaachwa mdogo sana. Juu ya hiyo, tiketi ya ndege ya kuvuka mpaka haina VAT.

Na treni? Treni inalipa kila kilomita inayokanyaga, kwa sababu tangu miaka ya 1990 Ulaya ilianza kutenganisha mwenye reli na mwenye treni, na mwenye treni akawa mpangaji. Katika nchi kadhaa inalipa kodi ya umeme. Ujerumani, tiketi ya safari ndefu ya treni ilikuwa na VAT ya asilimia 19 mpaka Januari 2020, ndipo ikashushwa hadi 7. Asilimia 19, dhidi ya sifuri ya ndege inayovuka mpaka. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakiambiwa treni imeshindwa kushindana.

Najua kuna mtu atanijia kwenye maoni aseme treni zinalishwa na serikali. Ni kweli, na sitakificha. Mabilioni ya euro za walipa kodi yameingia kwenye reli za Ulaya, na ndege nayo hulipia uwanja na waongozaji wa anga. Tangu 2012 safari za ndege za ndani ya Ulaya ziko kwenye soko la vibali vya hewa ya ukaa pia, ingawa kwa miaka mingi vibali vingi walipewa bure. Lakini uliza hizo pesa za reli zilienda wapi. Nyingi zilienda kwenye treni za kasi za ndani ya nchi. Ufaransa ilizindua TGV kati ya Paris na Lyon mwaka 1981, na hiyo kitu ilikuwa noma. Hispania nayo ikafungua Madrid hadi Barcelona mwaka 2008, kilomita zaidi ya 600 kwa masaa mawili na nusu hivi, na njia ambayo ilikuwa moja ya zile zenye ndege nyingi zaidi duniani ikageuka: abiria wengi wakahamia treni. Hakuna aliyewahubiria kuhusu mazingira. Walihesabu masaa tu, wakahama.

Hiyo ni ushahidi wangu mkubwa. Ukijenga, watu wanapanda. Eurostar ilianza kupita chini ya bahari kati ya London na Paris mwaka 1994, na baada ya reli ya kasi ya upande wa Uingereza kukamilika 2007, safari ikawa masaa mawili na dakika kama kumi na tano. Nani tena anataka kuvua viatu uwanja wa ndege?

Lakini angalia ramani. TGV zinatoka Paris kama miale ya jua, zinakimbilia pembe za Ufaransa. Za Hispania zinatoka Madrid. Kila nchi ilijijengea. Yule Nagelmackers, mwenye mikataba mpakani, hakupata mrithi. Na kadiri treni za mchana zilivyokuwa za kasi, ndivyo za usiku zilivyoonekana za wazee: behewa kuukuu, linalojaza watu wachache kuliko viti, linalotembea usiku mmoja na kulala bure mchana.

Ndipo ndege za bei ya chini zikaingia. Kabla ya miaka ya 1990, shirika la ndege la nchi moja halingeweza kuamka tu na kuuza tiketi popote Ulaya. Serikali ziligawana njia na bei. Sheria mpya zilizoanza 1993 zikafungua, na kufikia 1997 shirika la nchi yoyote ya Umoja liliweza kuruka hata kati ya miji miwili ya nchi nyingine. EasyJet ilianza kuruka Novemba 1995. Ryanair, iliyokuwepo tangu miaka ya 1980, ikalipuka. Anga lilikuwa limefunguliwa lote kufikia 1997. Reli, abiria wa kuvuka mipaka, walifunguliwa 2010, na wa ndani ya nchi miaka kama kumi baadaye. Hebu piga hesabu mwenyewe ya nani alipewa kichwa mbele.

Kwa hivyo treni za usiku zikaanguka moja baada ya nyingine. Treni ya usiku ya Paris na Berlin, ile ya shirika la reli la Ujerumani, ilikufa Desemba 2014. Miaka miwili baadaye Wajerumani wakafunga treni zao zote za kulala, wakisema ni hasara. Desemba 2017 Wafaransa wakaondoa ile ya Paris hadi Nice.

Aliyeokota vipande ni nchi ndogo ambayo hakuna mtu angeitabiri. Austria. Shirika la reli la kule, ÖBB, lilinunua mabehewa ya Wajerumani na Desemba 2016 likaanzisha Nightjet. Watu wakacheka. Halafu 2018 na 2019 ikaja ile fujo ya Sweden, ambapo neno flygskam, aibu ya kupanda ndege, lilisambaa. Greta Thunberg akaenda Davos Januari 2019 kwa treni, masaa 32 kutoka Stockholm, wakati mabosi wengine walishuka na ndege za kibinafsi. Mwaka huo abiria wa ndege Sweden walipungua. Ghafla kila waziri Ulaya alitaka kupigwa picha karibu na treni ya kulala. Paris hadi Nice ikarudi Mei 2021. Paris hadi Berlin ikarudi Desemba 2023, mabehewa ya Waaustria, msaada wa serikali ya Ufaransa.

Binamu yangu aliipanda mwaka uliofuata. Kitanda cha juu, wageni watano chini na pembeni, mmoja anakoroma kama jenereta. Masaa kama kumi na nne. Aliniambia hakulala vizuri na kwamba hajawahi kufurahia safari kama hiyo, sentensi mbili kwa pumzi moja.

Ufaransa hapohapo ndiyo ilijifanya shujaa wa sheria. Raia 150 waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu walikaa wakajadili tabianchi, wakapendekeza ndege za ndani zipigwe marufuku pale ambapo treni inachukua chini ya masaa manne. Serikali ikayapunguza masaa hadi mawili na nusu. Sheria ikapita 2021, ikaanza kazi kamili Mei 2023. Unajua ilifuta njia ngapi? Tatu. Kutoka uwanja wa Orly kwenda Nantes, Lyon na Bordeaux. Na ukiwa unaunganisha na ndege nyingine, sheria haikugusi. Vichwa vya habari duniani kote vilisema Ufaransa imepiga marufuku safari fupi za ndege. Kutoka masaa manne hadi njia tatu, hiyo ndiyo safari yenyewe ya hiyo sheria.

Na halafu serikali hiyohiyo ikaamua kuacha kutoa ruzuku kwa treni ya usiku ya Berlin. Desemba 2025 ÖBB ikaisimamisha. Ilikuwa imeishi miaka miwili. Kampuni changa ya European Sleeper, ambayo tangu 2023 inaendesha treni ya usiku kutoka Brussels hadi Berlin, ikatangaza itaichukua hiyo njia. Nawaombea. Lakini ona mfano wenyewe: kampuni changa inakodisha mabehewa ya zamani na kuomba ruhusa mpaka baada ya mpaka. Ni kazi ileile ya Nagelmackers, ila sasa kuna jirani anayejaza tangi bila kodi.

Pendekezo la kuanza kutoza kodi mafuta ya ndege Ulaya liliwekwa mezani Julai 2021. Mambo ya kodi kule yanahitaji nchi zote 27 zikubali. Moja ikikataa, basi. Limekaa hapo mezani.

Kwa nini najali, mtoto wa Nairobi? Kwanza, kwa sababu nimechoka kuona vijana wakichambwa mtandaoni kwa kununua tiketi ya bei ya chini. Mtu wa miaka 20 mwenye kazi ya kuosha vyombo wikendi hakuandika kifungu cha 24. Kuna wakati reli ilimfikiria kijana. Mwaka 1972 walianzisha pasi ya Interrail, mwezi mzima, nchi 21, kwa walio na miaka 21 kushuka chini, na kizazi kizima kikaijua Ulaya kupitia dirisha la treni. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya unawapa baadhi ya vijana wa miaka 18 pasi za bure, kwa kuomba na kuchaguliwa. Sisi tusioishi kule tunauziwa ya kwetu, Eurail, na ukishapata visa moja ya Schengen (ukishaipata, nasema) unaweza kupita nchi zaidi ya ishirini ukiwa umekaa. Kwa hiyo hii stori inatuhusu siku utakayofungua simu na kukuta hizo picha mbili, ndege na treni, zimepangwa pamoja kana kwamba zilianza mbio mstari mmoja.

Binamu yangu mwishowe alichukua treni ya mchana. Tangu Desemba 2024 kuna moja inayokwenda moja kwa moja, Berlin hadi Paris, masaa kama manane. Alilipa ile bei, akanung'unika, akabeba chapati kwenye karatasi ya foili. Strasbourg akanitumia picha ya dirisha lenye matone ya mvua, hakuandika kitu. Tiketi ya kurudi bado hajanunua. Jana usiku ameniambia ya ndege imeshuka tena.